Umri Haupimwi kwa Miaka

Ndugu msomaji, katika neema zote alizotuneemesha Mwenyezi Mungu, hakuna iliyogawanywa kwa usawa kama siku. Mali hatukupewa sawa, wala afya, wala akili. Lakini mchana na usiku tumepewa sawasawa: tajiri hana saa ya ishirini na tano, na maskini hakupunguziwa hata dakika moja. Sultani akiamka, na mchukuzi wa bandarini akiamka, mbele ya kila mmoja wao imewekwa siku iliyo sawa na ya mwenziwe. Tena neema hii ina tabia ambayo neema nyingine hazina. Fedha waweza kuzificha, nafaka waweza kuiweka ghalani, lakini siku haiwekeki. Usipoitumia itakwenda vile vile. Haikopeki kwa jirani, hainunuliki sokoni, na ikipita hairudi. Wazee wetu waliposema ya kuwa wakati ni ukuta, na apiganaye nao ataumia yeye, walikuwa wamelijua jambo hili vizuri.

Kwa ajili ya uzito huo, Mwenyezi Mungu ameapa kwa nyakati mara nyingi katika Qurani: kwa alfajiri, kwa mchana, kwa usiku, na kwa zama zenyewe katika Sura ya Al-Asr. Sura hiyo ina aya tatu tu, na watoto wa chuoni huihifadhi mapema sana. Lakini wengi wetu twaichagua katika sala kwa sababu ni fupi, twaisoma upesi, wala hatusimami katika maana yake. Ndani yake twajulishwa ya kuwa binadamu yumo hasarani, ila wale waliokusanya mambo manne: imani, vitendo vyema, kuusiana haki na kuusiana subira. Angalia, hasara hiyo haikufungwa kwa mwizi na mzinifu peke yao. Mtu aliyekaa tu, asidhuru wala asinufaishe, naye yumo hasarani. Maana rasilimali yake yazidi kupungua na hakuna faida iliyoingia.

Imam Fakhruddin Razi, katika tafsiri yake kubwa ya Qurani, ametaja ya kuwa mmoja wa wema waliotangulia aliifahamu maana ya sura hii kwa muuza barafu. Alimsikia sokoni akinadi, akiwaomba watu wamhurumie mtu ambaye rasilimali yake inayeyuka. Sisi tunaoishi katika nchi za joto, tunaolijua jua la adhuhuri, hatuna haja ya kufasiriwa mfano huu. Mwenye barafu akiuza mapema hupata fedha badala ya maji. Akikaa kuzungumza mpaka alasiri, hubaki na gunia lililolowa, na barafu haiko, na fedha hana.

HESABU YA UMRI

Bwana Mtume (s.a.w.) ametujulisha ya kuwa umri wa umma wake ni baina ya miaka 60 na 70, na wanaovuka hapo ni wachache. Basi na tuchukue miaka 60 tuifanyie hesabu, kama mwenye duka afanyavyo mwisho wa mwaka.

Ondoa kwanza miaka 15 ya utoto, kabla ya mtu kubalighi na kuandikiwa mema na mabaya yake. Yabaki 45. Mtu alalaye saa 8 kila siku, amelala theluthi moja ya umri wake. Hiyo ni miaka 15. Na afanyaye kazi ya riziki yake kwa saa 8 kila siku ametoa theluthi ya pili. Hiyo ni miaka 15 mingine. Yabaki miaka 15. Katika hiyo utoe kula na kuoga, kwenda na kurudi, kungoja gari, kuugua na kuuguza, misiba na harusi. Kinachobaki baada ya hayo yote ni kidogo sana, na katika hicho kidogo ndimo mtu anamotafuta elimu, anamolea watoto wake, anamowatazama wazee wake, na anamotengeneza yale atakayoyaacha nyuma.

Hatusemi ya kuwa usingizi na kazi ni hasara. Muadh bin Jabal (r.a.), sahaba wa Mtume, alikuwa akitarajia thawabu katika kulala kwake kama alivyozitarajia katika kusimama kwake usiku kusali. Mtu alalaye ili apate nguvu ya kuamka alfajiri, na afanyaye kazi ili watoto wake wale halali, saa zake hizo zimo katika mizani ya mema yake. Lakini ni nia ndiyo inayozitia humo. Saa isiyo na nia hupita kama gari tupu: imefika mwisho wa safari, na haikuchukua kitu.

Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) akatuhadharisha na neema mbili ambazo watu wengi hupunjika ndani yake, nazo ni afya na nafasi. Neno hili la kupunjika ni neno la biashara. Aliyepunjika ni yule aliyetoa kitu cha thamani kubwa, akapokea kitu duni, na huku adhani ameuza. Na biashara hii yatupitia kila siku, hatuioni kwa kuwa hatuandiki daftari.

KIJANA WA NAWA

Ile miaka 45 tuliyoibakisha baada ya kuondoa utoto, ndiyo umri wote aliopewa Imam Nawawi, utoto na ukubwa pamoja. Wasomaji wengi wa gazeti la Kiislamu wanalo jina lake nyumbani, ingawa huenda hawajui habari zake. Yeye ndiye aliyekusanya Riyadhus Salihin, kitabu kinachosomwa baada ya sala katika misikiti mingi ya dunia. Yeye ndiye mwenye Arbaini, kitabu kidogo kijulikanacho kwa jina la arobaini ingawa hadithi zilizomo ni 42. Na Minhaj yake ni katika vitabu vikubwa vya madhehebu ya Imam Shafii, na imekuwa ikisomeshwa katika darsa za mwambao wetu wa Afrika ya Mashariki kama isomeshwavyo Yemen na Indonesia.

Jina lake ni Yahya bin Sharaf. Alizaliwa mwezi wa Muharram mwaka 631 Hijria, yaani mwaka 1233, katika mji mdogo wa Nawa, kusini ya Damascus, katika nchi ya Sham. Baba yake hakuwa waziri wala tajiri mkubwa. Alikuwa na duka. Wenye kuandika habari zake wamesimulia ya kuwa alipokuwa na miaka kama kumi, watoto wenziwe walikuwa wakimlazimisha kucheza nao, naye akiwakimbia huku akilia na kusoma Qurani. Baba yake alipomweka dukani, kuuza na kununua hakukumshughulisha na kuhifadhi kwake. Basi elimu yake haikuanza katika jumba lenye utulivu. Ilianza nyuma ya mizani na vibaba, baina ya mteja na mteja.

Mwaka 649 Hijria (1251), akiwa kijana wa miaka kama 18, baba yake alimpeleka Damascus. Akapewa chumba katika madrasa iitwayo Rawahiya, akaishi kwa chakula cha madrasa hiyo. Huko alikihifadhi kitabu cha Tanbih, kitabu cha fiqhi cha Imam Abu Ishaq Shirazi, kwa muda wa miezi minne na nusu. Mwanafunzi wake, Ibnul Attar, aliyekaa naye na kuandika maisha yake, ameeleza ya kuwa alikuwa akisoma masomo 12 kila siku kwa masheikh mbalimbali: fiqhi, hadithi, nahau, lugha, usul, na majina ya wapokezi wa hadithi. Kila somo akiliandikia maelezo yake. Hata akiwa njiani, akienda au akirudi, alikuwa akiyapitia moyoni yale aliyoyahifadhi.

Mwaka 665 Hijria (1267), akiwa hajafika miaka 35, alipewa uongozi wa Darul Hadith Al-Ashrafiya, chuo kikubwa cha hadithi mjini Damascus. Elimu hiyo haikumfungia chumbani. Alimwandikia Sultani Baybars, mtawala wa Misri na Sham, akimnasihi kwa uwazi juu ya mali za raia wake, wakati ambapo wengi waliona kunyamaza ndiko kwenye salama. Kisha, mwezi 24 Rajab mwaka 676 Hijria (1277), akafariki katika mji ule ule aliozaliwa, wa Nawa. Miaka yake ya kutunga vitabu haikufika 20. Lakini imepita zaidi ya miaka 700 tangu azikwe, na leo hii yuko mwanafunzi mahali fulani anayefungua mlango wa kwanza wa Riyadhus Salihin, asome habari za nia.

MAMBO MATATU YA KUCHUKUA

Yako mengi katika maisha haya, lakini sisi tutachukua matatu yatakayotufaa majumbani mwetu.

La kwanza, Imam Nawawi hakupewa saa zaidi ya zetu. Alichotuzidi ni kuwa kila saa yake ilikuwa na kazi yake inayojulikana. Sisi, saa ikifika, ndipo twaanza kuuliza tufanye nini. Na kabla hatujajibu, huja mtu au kitu kikatuchukulia saa yetu. Aliyejua tangu jana kuwa baada ya alasiri atasoma kurasa tatu, huzisoma. Aliyesema kuwa atasoma akipata nafasi, nafasi hiyo huifikia Idd hajaipata.

La pili, kazi yake ilikuwa kwa ajili ya watu wengine. Riyadhus Salihin hakuwaandikia wanavyuoni wakubwa. Aliwakusanyia watu wa kawaida hadithi za kuwanyosha tabia: namna ya kuingia nyumbani, kuzuru mgonjwa, kuwatendea wema wazazi na jirani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa mtu akifa, amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Mambo yote hayo matatu manufaa yake huwafikia watu wengine. Saa uliyoitumia kwa nafsi yako tu hufa pamoja nawe. Saa uliyompa mwenzio huweza kuishi baada yako.

La tatu, Imam Nawawi hakumaliza kazi zake. Kitabu chake kikubwa cha fiqhi, Al-Majmu, alifariki alipofika milango ya biashara, na sehemu kubwa ilikuwa bado. Akaja Imam Taqiyuddin Subki kukiendeleza, naye akafariki kabla ya kukimaliza. Hapa pana mazingatio makubwa. Wako watu wasioanza jambo kwa sababu wanahofu hawatalimaliza: mzee huona umri umekwisha, maskini huona uwezo haupo, mama huona watoto hawamwachii nafasi. Lakini Mwenyezi Mungu hatatuuliza kwa nini hatukumaliza yale ambayo ajali ilitukatia. Tutaulizwa kwa nini hatukuanza.

Na tuongeze jambo moja katika mwisho wake. Kabla ya kuondoka Damascus kwa mara ya mwisho, alivirudisha vitabu vyote vya wakfu alivyokuwa ameviazima, akayazuru makaburi ya masheikh zake akawaombea dua, akawazuru rafiki zake akaagana nao. Ndipo akafunga safari ya kurudi Nawa, akauzuru mji wa Baitul Muqaddas, kisha akarejea kwao, akaugua akafa. Mwenye kuirudisha amana ya watu kabla ya kudaiwa, mauti hayamkuti hali hana habari. Ndugu msomaji, ni vitabu vingapi vya watu viko kabatini mwetu? Ni madeni mangapi tunayosema tutayalipa, na uwezo tunao? Ni nani tuliyemkosea, tukaahidi kumwomba radhi siku fulani, na siku hiyo hatujaitaja jina?

TUSICHOAMRIWA KUKIIGA

Lakini yatupasa tuseme neno la uadilifu, ili kijana asije akafahamu vingine. Imam Nawawi hakuoa. Alikuwa akila mara moja kwa siku, na imesimuliwa ya kuwa alipitisha kama miaka miwili hakulaza ubavu wake chini. Hiyo ilikuwa njia yake, na Mwenyezi Mungu alimpa nguvu nayo. Mtu mwenye mke na watoto akiiga hayo, atakuwa anasoma kwa wakati wa kunyang'anya.

Kisa cha Salman na Abu Dardai (r.a.) chatosha kutuongoza. Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha wawili hawa udugu. Salman alipomzuru ndugu yake, alimkuta mkewe hali hajijali mavazi yake. Alipomwuliza sababu, akaambiwa kuwa mumewe hana haja na mambo ya dunia. Mchana alikuwa akifunga, na usiku akitaka kusali wote. Salman akamlazimisha kula pamoja naye, akamlaza usiku ulipoingia, na ulipofika mwisho wa usiku akamwamsha wakasali pamoja. Kisha akamweleza ya kuwa Mola wake ana haki kwake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari hizo zilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salman.

Na Mtume mwenyewe, aliyebeba mzigo wa umma mzima, alipoulizwa Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na sala ikifika akitoka kwenda kusali. Alishindana mbio na mkewe. Aliwabeba wajukuu zake. Basi baba anayekaa na mtoto wake akamsikiliza somo lake, hakupoteza wakati wa ibada. Na mama aliyekesha na mtoto mwenye homa hakupitwa na usiku wake. Kutumia wakati vizuri si kuujaza kazi mpaka ukafurika. Ni kumpa kila mwenye haki sehemu yake, na kutoiacha saa ikaibiwa na asiye na haki nayo.

SAA YA NYUMBA

Sasa na tutazame nyumba zetu. Muislamu amepewa siku iliyokwisha kugawanywa. Sala tano ni kama nguzo, na baina ya nguzo na nguzo pana nafasi. Twaona watu wengi wazilinda nguzo, na Mwenyezi Mungu awalipe mema, lakini zile nafasi zimeachwa wazi na kila apitaye huingia.

Chukua nafasi iliyo baina ya magharibi na isha. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta, haibadiliki sana mwaka mzima: yapata saa moja na zaidi kidogo. Ni wakati ambao baba amekwisha kurudi, watoto wamo ndani, na chakula ki karibu. Hakuna saa iliyo bora kuliko hiyo kwa nyumba. Na hiyo ndiyo ambayo leo katika nyumba nyingi kila mtu yuko kwenye kona yake, ameinamia simu: baba na habari zake, mama na vikundi vyake, kijana na michezo yake. Wamo chumba kimoja, na kila mmoja yu mji wake.

Hatuisemi simu kwa ubaya. Ndani yake mna Qurani, mna darsa, na mtu wa Muscat huongea na nduguye wa Unguja kama waliokaa baraza moja. Lakini na tufanye hesabu. Mtu atazamaye mambo yasiyo na faida kwa saa 2 kila usiku, kwa mwaka ametoa saa 730. Hizo ni siku 30 na zaidi, usiku na mchana, bila ya kulala. Ametoa mwezi mzima wa mwaka wake. Lau angeambiwa na mtu auze mwezi mmoja wa umri wake kila mwaka, angetaka fedha nyingi sana. Huyu ameutoa bure, na malipo ya mtandao ameyalipa yeye.

Na tazama upande wa pili. Mtu atoaye dakika 10 tu kila siku, kwa mwaka amepata saa 60 na dakika 50. Hizo ni zaidi ya siku saba nzima za kazi. Msahafu uliozoeleka sana leo una kurasa 604. Asomaye kurasa mbili baada ya kila sala ya faradhi husoma kurasa 10 kwa siku, naye huukhitimisha kwa siku 61; yaani karibu mara sita kwa mwaka, na hakuacha kazi yake wala usingizi wake. Bibi Aisha (r.a.) ametupokelea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) ya kuwa amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, ijapokuwa ni ndogo. Nasi twasema haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hakijai kwa mwenye kutia leo ngumi mbili kisha akakisahau mwezi.

Tunao mfano wa karibu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982, alikuwa mwalimu wa skuli, kisha akawa kadhi. Hizo ni kazi zenye kumchukua mtu mchana wake wote. Pamoja na hayo alivitunga vitabu vingi, na akaifasiri Qurani nzima kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilianza kutoka vipande vipande, mpaka ilipotoka kamili mwaka 1969. Kazi kubwa kama hiyo haifanywi kwa siku moja ya hamasa. Hufanywa na mtu anayerudi mahali pake pale pale, siku baada ya siku, akaongeza kidogo juu ya kidogo cha jana.

Basi kijana, wewe ambaye nguvu zako zingali mpya, usingoje mwaka mpya wala kazi mpya. Chagua jambo moja: hadithi moja kwa wiki, au ufundi wa kukupatia riziki, au lugha ya Kiarabu. Ukihifadhi hadithi moja kwa wiki kutoka Arbaini, mwaka hautakwisha ila zote 42 umezihifadhi. Nawe mama, mikono yako yenye kazi haikuzuii ulimi wako. Mtoto anayekaa karibu na meko akikusikia ukisoma, amekwisha ingia chuoni kabla ya kupelekwa. Nawe mzee, usiseme wakati wako umepita. Mambo unayoyajua, ya nasaba, ya ufundi, ya historia ya msikiti wenu, hayamo katika kitabu chochote. Usiyachukue kaburini, waite wajukuu.

WAKATI WA WATU WENGINE

Liko jambo moja ambalo twalisahau tunapousema wakati. Mtu akiupoteza wake amejidhulumu mwenyewe, na mlango wa toba u wazi baina yake na Mola wake. Lakini akiupoteza wa mwenziwe, hiyo ni dhuluma ya haki ya mtu. Tumekwisha zoea kualikana saa nne na kufika saa sita, na aliyefika kwa saa yake ndiye huonekana mjinga. Fundi wa nguo huahidi kanzu kumi zaidi ya uwezo wake, na mkesha wa Idd watu wamejaa mlangoni kwake, mzazi hana la kumwambia mwanawe. Tajiri humwambia kibarua wake apitie kesho, na kesho humwambia kesho, hali fedha anayo mfukoni, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Tukiiba shilingi moja ya mtu twajua kuwa tumeiba. Tukimwibia saa mbili twasema tu samahani, tumechelewa. Shilingi waweza kumrudishia. Saa utaitoa wapi?

MCHE MKONONI

Ndugu msomaji, pengine utasema: umri wangu umekwisha kwenda, na yaliyopita ni mengi kuliko yaliyobaki. Usikate tamaa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa, hata kama Kiyama kimefika na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, na aupande. Mche wa mtende huchukua miaka kabla ya kuzaa. Na huyu hana hata siku moja mbele yake. Hatakula tende zake, wala mwanawe hatazila. Basi kwa nini aupande? Kwa sababu thawabu yake haimo katika kuvuna. Imo katika mkono uliokutwa ukifanya jema wakati pazia lilipofungwa.

Huo ndio mwisho wa maneno yetu. Hatukuulizwa tutaishi miaka mingapi. Hilo si letu. Wako walioishi miaka 90, na kaburi lilipofukiwa, habari zao zikafukiwa nalo. Na yuko mtoto wa mwenye duka katika mji mdogo wa Sham, aliyepewa miaka 45, na mpaka leo watu wanasoma kwake. Sote twaipokea rasilimali ile ile kila alfajiri, na sote barafu yetu inayeyuka.

Basi leo usiku, baina ya magharibi na isha, waite watu wa nyumba yako. Wekeni simu zote mahali pamoja. Chagueni jambo moja tu, dogo, mnaloliweza, mkubaliane saa yake. Kesho mlirudie, na kesho kutwa. Baada ya mwaka, tazameni nyuma mfanye hesabu yenu wenyewe.

Ewe Mola wetu, utubarikie katika umri wetu, mfupi ukiwa au mrefu. Utupe nia njema katika kazi yetu na katika mapumziko yetu. Usitujaalie kuwa miongoni mwa waliopunjika katika afya yao na nafasi yao, na yajaalie yaliyo bora ya siku zetu kuwa ni yale ya mwisho. Amin.